Nguvu za mvutano wa dunia zinavyomgusa mtoto kabla ya kuzaliwa

MAMA mja mzito wa miezi saba anayetoka Mtongwe kwenda kliniki kisiwani Mombasa aghalabu hufika Likoni kwanza, akapanda feri. Husimama katikati ya umati, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine uko tumboni. Anasafiri na abiria ambaye hahesabiwi na yeyote pale kivukoni.

Feri inaelea juu ya maji ya bahari. Mtoto naye anaelea ndani ya maji ya uzazi. Chombo na mtoto huvutwa kuelekea chini na nguvu ile ile moja, mvutano wa dunia, na wote wawili hushikiliwa na maji wasizame.

Kwa zaidi ya miaka 100 wanasayansi wamekuwa wakijiuliza nguvu hiyo inachangia nini katika ukuaji wa mtoto tumboni. Je, ndiyo inayomfanya ageuke kichwa chini? Je, mifupa yake ingekomaa kama mvutano ungetoweka? Na mama anaposimama, kutembea au kulala, mtoto huathirika vipi?

Maswali hayo si ya udadisi mtupu. Jibu la mojawapo, lile linalohusu namna mama anavyolala katika miezi ya mwisho, linaweza kuwa suala la uhai na kifo.

Maji yapunguza uzito

Kanuni ya kuelea iligunduliwa na Archimedes, mtaalamu wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alieleza kwamba kitu kilichotumbukizwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasogeza.

Wakazi wa Mtongwe wanaifahamu kanuni hiyo kwa uchungu. Mnamo Aprili 29, 1994, feri iliyokuwa imejaza abiria kupita kiasi ilipinduka katika kivuko cha Mtongwe na kuua watu 272. Maji hubeba chombo maadamu uzito umepangika na haujapita mpaka. Usawa huo ukivunjika, mvutano wa dunia hushinda.

Katika mji wa mimba, usawa huo umepangwa kwa namna ya kustaajabisha. Mtoto amezungukwa na maji ya uzazi ambayo hufikia takriban mililita 800 katika wiki ya 34, kisha hupungua kidogo siku za kujifungua zinapokaribia. Mwili wake ni mzito kidogo tu kuliko maji hayo.

Kwa hivyo, mtoto wa kilo moja akizungukwa na maji pande zote, uzito anaouhisi huwa pungufu ya gramu 100. Hali yake hukaribia ile ya mwogeleaji aliyejilaza kimya majini. Ndiyo maana katika miezi ya kati anaweza kujipindua, kunyoosha miguu na kuzunguka bila taabu.

Haifai kusema, hata hivyo, kwamba mtoto huishi pasipo mvutano kama mwanaanga. Mvutano upo palepale na humvuta kila sekunde. Kilichopungua ni mzigo anaoubeba. Tena kadiri anavyokua, nafasi huwa finyu, mwili wake huegemea kuta za mji wa mimba, na uzito huanza kumrudia. Katika wiki za mwisho haelei tena kama zamani.

Yai la kuku na la chura

Kwa baadhi ya viumbe, mvutano una kauli tangu saa za kwanza za uhai. Yai la kuku linaposhuka katika mwili wa mama yake huzungushwa polepole, na kiini kilichomo huwa kimeinama kwa sababu ya mvutano. Mwinamo huo ndio unaoamua kichwa cha kifaranga kitakuwa upande gani na mkia upande gani.

Mwaka 1989, mayai 32 ya kuku yalirushwa anga za juu kwa chombo cha Marekani. Nusu yalikuwa yameatamiwa kwa siku mbili na nusu kwa siku tisa. Yale ya siku tisa yaliendelea kukua, lakini yale machanga ya siku mbili yalikufa yote.

Kwa upande wa chura, mwaka 1992 mayai yake yalirutubishwa angani na yakatoa viluwiluwi. Hivyo ilithibitika kwamba mvutano si wa lazima ili chura apate umbo lake. Lakini viluwiluwi hao walipata shida. Hawakujua juu ni wapi, na hawakufika kwenye hewa ili kujaza mapafu yao kama wenzao wa duniani.

Yai la mwanadamu halifanani na la kuku. Halina kiini kizito cha kuinama, na mimba hujipachika mahali popote palipo salama katika ukuta wa mji wa mimba, iwe mbele, nyuma au juu. Mama akilala, akisimama au akipanda ngazi, mpango wa kichwa na miguu ya mtoto haubadiliki.

Hata hivyo, mamalia nao hawajaepukana kabisa na suala hili. Mwaka 2021, watafiti wa Japani walituma viinitete vya panya kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, navyo vikakuzwa huko kwa siku nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba viinitete vilifaulu kufikia hatua ya kujiandaa kujipachika, ingawa vilivyonusurika vilikuwa vichache kuliko vile vya duniani.

Funzo kutoka anga za juu

Pwani ya Kenya si mgeni katika masuala ya anga. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mojawapo, iliyorushwa Desemba 12, 1970, ilipewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake.

Setilaiti hizo hazikubeba viumbe. Waliofanya hivyo kwanza kwa ajili ya utafiti wa mimba za mamalia ni Wasovieti, ambao Desemba 1983 walirusha panya wenye mimba kwa chombo kilichoitwa Cosmos 1514. Baada ya siku tano walirejeshwa duniani, na watoto walizaliwa wakiwa hai.

Wamarekani walifuata mwaka 1994 na 1995. Panya walipelekwa angani katikati ya mimba na kurejeshwa siku chache kabla ya kuzaa. Watoto wao waliofanana na wengine kwa umbo walikutwa na tofauti moja. Walipowekwa majini wakiwa chali, wengi walishindwa kujigeuza upesi kama walivyofanya watoto wa panya waliobaki duniani.

Tofauti hiyo ilififia siku chache baada ya kuzaliwa. Lakini ilikuwa imedhihirika kwamba mtoto, akiwa bado tumboni, hujifunza juu ni wapi na chini ni wapi, na mwalimu wake ni mvutano wa dunia.

Hakuna mwanamke ambaye amewahi kubeba mimba angani. Kwa hivyo, yanayosemwa kuhusu binadamu katika suala hili yanatokana na wanyama na na uchunguzi wa watoto wa hapa hapa duniani.

Mizani ndani ya sikio

Ndani ya sikio la kila mtu mna kifaa cha kupima mwinamo na mwendo. Sehemu yake moja ina vijiwe vidogo mno vilivyokaa juu ya utando laini. Kichwa kikiinama, vijiwe huvutwa na uzito wao, utando husogea, na ubongo hupata habari.

Kwa mtoto, vijiwe hivyo huanza kujitokeza ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na kufikia nusu ya mimba kifaa kizima huwa kimekaribia umbo la mtu mzima. Mishipa ya fahamu inayokitumikia ni miongoni mwa ile inayokomaa mapema kabisa.

Hivyo mama anapotembea kutoka nyumbani hadi kituo cha matatu, anapoinama kufagia au feri inapoyumba, mtoto hutikiswa na kifaa hicho hupata zoezi. Maji humpunguzia uzito wa mwili, lakini hayaviondolei vijiwe vile hisia ya juu na chini. Huenda ndiyo sababu mtoto mchanga hutulia anapobebwa na kupembezwa, kwani mwendo huo si mgeni kwake.

Mateke yajenga mifupa

Mifupa hujengeka kwa kufanyiwa kazi. Wanaanga wanaokaa miezi kadhaa angani hupoteza takriban asilimia moja au zaidi ya uzito wa madini ya mifupa ya nyonga kila mwezi, kwa kuwa huko hawaibebi miili yao.

Ikiwa mtoto anaelea, mifupa yake hupata wapi kazi hiyo? Jibu ni mateke. Kila anapousukuma ukuta wa mji wa mimba, misuli huvuta mifupa na mifupa hujibu kwa kuimarika. Maji huipunguza kazi ya mvutano, na ukuta wa mji wa mimba huziba pengo hilo.

Ushahidi unaonekana pale mambo yanapokwenda kombo. Watoto ambao kwa sababu ya maradhi hawakuweza kujongea tumboni huzaliwa na mifupa myembamba na viungo vilivyokakamaa. Maji ya uzazi yakipungua sana mapema, mapafu yanaweza kudumaa na miguu kupinda kwa kukosa nafasi.

Ndiyo maana wauguzi humwuliza mama kila anapohudhuria kliniki iwapo mtoto anacheza. Akina mama wengi huanza kuuhisi mchezo huo kati ya wiki ya 16 na ya 24. Mchezo ukipungua ghafla au ukikoma, mama hapaswi kungoja hadi kesho. Anatakiwa kwenda hospitalini mara moja.

Mbona kichwa hutangulia?

Wengi huamini kwamba mtoto hugeuka kichwa chini kwa kuwa kichwa ni kizito na huvutwa na dunia. Suala hilo lilizua mjadala kati ya madaktari wawili wa Edinburgh katika karne ya 19. James Matthews Duncan aliutetea mvutano, ilhali James Young Simpson alishikilia kwamba ni mijongeo ya mtoto mwenyewe.

Leo wataalamu wengi huuona mvutano kuwa sababu ndogo. Mji wa mimba una umbo la pea: upande wa juu ni mpana na wa chini ni mwembamba. Makalio pamoja na miguu iliyokunjwa huhitaji nafasi kubwa kuliko kichwa, na mtoto anayepiga mateke hatimaye hujikuta amekaa mahali panapomtosha.

Katika wiki ya 28, takriban mtoto mmoja kati ya wanne au watano huwa ametanguliza makalio. Muda wa kujifungua unapowadia, waliobaki hivyo huwa asilimia tatu hadi nne tu.

Mama ambaye mtoto wake hajageuka pengine atashauriwa apige magoti na kuinua makalio ili mvutano umsaidie mtoto kugeuka. Tafiti zilizopo hazijathibitisha kwamba mbinu hiyo hufaulu. Kilichothibitishwa ni daktari mwenye ujuzi kumgeuza mtoto kwa mikono kutoka nje, kuanzia wiki ya 36 au 37, akiwa hospitalini penye chumba cha upasuaji. Njia hiyo hufaulu kwa karibu nusu ya kina mama.

Kazi hiyo kamwe si ya kufanyiwa nyumbani. Tumbo likikandwa kwa nguvu na asiye na ujuzi, kondo laweza kubanduka na kuhatarisha maisha ya mama na mtoto.

Hatari ya kulala chali

Hapa ndipo mvutano unapogusa uhai moja kwa moja. Kufikia mwisho wa mimba, mtoto, maji, kondo na mji wa mimba kwa jumla huwa na uzito wa takriban kilo tano. Mama akilala chali, mzigo huo wote huvutwa chini na kuukandamiza uti wa mgongo.

Kando ya uti huo umepita mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni na tumboni. Ukibanwa, damu inayorudi hupungua, moyo husukuma kidogo, na kondo hupata damu haba. Baadhi ya kina mama huhisi kizunguzungu na kichefuchefu. Wengine hawahisi lolote.

Mwaka 2019, watafiti walikusanya takwimu kutoka nchi kadhaa zikiwemo New Zealand, Australia na Uingereza. Waligundua kwamba kina mama waliokuwa wamelala chali baada ya wiki ya 28 walikuwa na uwezekano wa mara 2.6 hivi wa kupata mtoto aliyefia tumboni, wakilinganishwa na waliolala kwa ubavu wa kushoto.

Ubavu wa kulia haukuonekana kuwa na hatari zaidi kuliko wa kushoto. Kwa hivyo mama achague ubavu wowote, bora asiuanze usingizi akiwa chali, iwe ni usiku au mchana.

Hakuna haja ya hofu. Uwezekano kwa kila mama mmoja bado ni mdogo, na watoto wengi hufa kwa sababu nyingine, yakiwemo maradhi ya shinikizo la damu, maambukizi na matatizo ya kondo. Mama akizinduka usiku na kujikuta chali, ageuke tu na kuendelea kulala. Mto uliowekwa nyuma ya mgongo, au hata leso zilizokunjwa, husaidia kumzuia asirudi chali.

Hata katika upasuaji wa uzazi kanuni ni hiyo hiyo. Mara nyingi madaktari huinamisha meza kidogo kuelekea kushoto ili mzigo uuondokee mshipa ule.

Mgongo na mizigo

Kadiri tumbo linavyokua, kitovu cha uzito wa mama husogea mbele. Ili asianguke, hurudisha mabega nyuma na kuupinda mgongo. Mwaka 2007, watafiti wa Marekani walieleza kwamba mpindo wa kiuno cha mwanamke umeenea kwenye pingili tatu za uti wa mgongo, ilhali wa mwanamume uko kwenye mbili. Maumbile yalishamwandaa mwanamke kwa mzigo huo.

Lakini maandalizi hayo yana kikomo. Kusimama kutwa nzima hukusanya damu miguuni na kuivimbisha, na mizigo mizito kama mitungi ya lita 20 ya maji imehusishwa na ongezeko kiasi la watoto kuzaliwa kabla ya wakati. Pale ambapo mifereji hukauka na maji hununuliwa kwa mitungi, mama mja mzito anastahili kuondolewa mzigo huo na watu wa nyumbani kwake.

Uvimbe wa miguu ni jambo la kawaida. Lakini uvimbe wa uso na mikono unaoandamana na maumivu makali ya kichwa au kuona kiwi si wa kawaida, kwa kuwa unaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachonyemelea.

Mvutano wageuka msaidizi

Uchungu unapoanza, nguvu iliyokuwa mzigo huwa msaada. Mama anaposimama, kutembea au kuchuchumaa, uzito wa mtoto hushuka kuelekea njia ya uzazi, na mshipa mkuu haubanwi.

Mapitio ya tafiti 25 yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kina mama waliokaa wima au kutembea katika awamu ya kwanza ya uchungu waliimaliza mapema kwa wastani wa saa moja na dakika 22 kuliko waliolala kitandani. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mama asiye na matatizo aruhusiwe kuchagua mkao anaoutaka wakati wa kujifungua, ukiwemo wa wima.

Kuchuchumaa na kupiga magoti ni mikao ambayo wakunga wa jadi wameifahamu tangu zamani. Tofauti ni kwamba hospitalini kuna damu, dawa na daktari endapo mambo yataharibika, vitu ambavyo mkao mzuri pekee hauwezi kuvileta.

Kwa mkazi wa Mtongwe, suala hilo linahitaji hesabu ya mapema. Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani, ng'ambo ya maji, na foleni ya feri haijui uchungu wa mtu. Ni busara familia kujua tangu mwezi wa nane mama atajifungulia wapi, gari litatoka wapi usiku, na nani atabaki na watoto.

Kuvuja damu, chupa kupasuka kabla ya wakati, homa, maumivu makali ya kichwa au mtoto kuacha kucheza ni dalili za kuondoka nyumbani papo hapo, hata kama tarehe ya kujifungua haijafika.

Na usiku wa leo, kabla taa hazijazimwa, mama aliyepita wiki ya 28 ana jambo moja la kufanya lisilogharimu hata senti: alale ubavu.